Viza ya masomo: dosiye inaanza Kibabi, haianzi kwenye ubalozi

Kila mwaka, matokeo ya mutihani wa serikali yakitoka, swali moja linarudi katika familia nyingi za Masisi na Walikale: mutoto amepata diploma, mujomba yuko Ubelgiji ao Canada, sasa namna gani apate viza aende kusoma? Mara nyingi wazazi wanaanza kwa kuuza ng'ombe ao kipande cha shamba. Feza inapewa mutu "anayejua njia", miezi inapita, kisha jibu linakuja: hapana. Na ukiangalia vizuri, kosa lilikuwa kwenye karatasi tangu nyumbani, mbele hata ya ng'ombe kuuzwa.

Makala hii inaeleza namna dosiye inavyotengenezwa, na wakati gani feza inapaswa kutoka.

Chuo na ubalozi ni milango mbili

Chuo kikuu hakitoi viza, na ubalozi hautoi nafasi ya kusoma. Mwanafunzi anaandikia chuo kwanza. Chuo kikikubali, kinatuma barua. Ni kwa barua ile ndipo anaomba viza kwa serikali ya inchi anakotaka kwenda, na serikali ile inaweza kukataa hata kama chuo kimekubali. Mutu anayeahidi viza "ya hakika" wakati mwanafunzi hajapata hata barua ya chuo, anauza maneno tu.

Kwa Ufaransa, maombi ya Wakongomani yanapita kwenye intaneti, katika programu ya Campus France inayoitwa Études en France. Mara nyingi inafunguliwa Oktoba kwa masomo ya Septemba ya mwaka unaofuata. Basi mutu anayeanza kutafuta nyuma ya matokeo ya mutihani, kwa mwaka ule amekwisha kuchelewa.

Jina moja kwenye karatasi zote

Hapa ndipo dosiye nyingi za vijijini zinavunjika. Mukongomani ana nom, postnom na prénom. Postnom ilienea tangu 1972, wakati Mobutu alikataza majina ya kizungu. Baadaye prénom ikarudi, na watu wakabaki na majina tatu. Lakini fomu nyingi za inje zina nafasi mbili tu: jina la familia na jina la kupewa. Ofisa wa mbali hajui kama postnom ni ya upande gani.

Mufano: kwenye karatasi ya ubatizo mutoto ni Espérance Bahati. Kwenye buletini ni Bahati Safari. Kwenye diploma ni Bahati Safali Espérance. Pale kijijini kila mutu anajua ni yeye yule. Kwa ofisa anayesoma karatasi tu, wanaweza kuwa watu watatu. Vilevile tarehe ya kuzaliwa: shule iliandika mwaka moja, kadi ya uchaguzi mwaka mwingine.

Kodi ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inakataza kubadilisha jina, maandishi yake ao hata mupangilio wake bila ruhusa ya tribinali ya amani. Kwa hiyo kosa la herufi moja halisahihishwi kwa kalamu ya sekretere ao ya mujomba. Linasahihishwa na tribinali. Sheria ile inataka pia mutoto aandikishwe kwenye eta sivili ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Watoto wengi wa Masisi hawakuandikishwa, juu ya vita, ao juu ofisi ilikuwa mbali. Kwa wale, tribinali inatoa hukumu inayoshika nafasi, ile wengi wanaita jugement supplétif, na kwa hukumu ile eta sivili inaandika cheti cha kuzaliwa. Karatasi ya ubatizo inasaidia kuhakikisha, lakini haishiki nafasi ya cheti.

Muzazi mwenye mutoto katika mwaka wa sita aende shuleni mbele ya majina kutumwa kwa mutihani wa serikali. Jina linaloandikwa pale ndilo litakalotoka kwenye diploma. Kusahihisha siku ile ni kazi ya dakika chache. Nyuma ya diploma kutoka, ni kazi ya miezi, na safari juu yake.

Familia iliyopoteza karatasi wakati wa kukimbia iombe atestasyon ya kupoteza, kisha irudi kwenye shule kuomba nakala za buletini. Karatasi zikipatikana, zipigwe picha na kutumwa kwa ndugu wawili walio sehemu mbali mbali.

Paspoti na njia

Paspoti inatolewa na Wizara ya Mambo ya Inje. Bei rasmi ilikuwa dola 185, ikashuka 99 mwaka 2020, na mwaka 2025 serikali ikatangaza paspoti mpya ya dola 75. Majina ya paspoti yafuate cheti cha kuzaliwa na diploma, herufi kwa herufi.

Balozi ziko Kinshasa. Kutoka Kibabi mutu anapita Sake, anafika Goma. Lakini ndege za abiria zilisimama Goma tangu vita vilipoingia muji mwisho wa Januari 2025. Juu ya hiyo, mbele ya kulipa kitu chochote, mwanafunzi aulize mambo mawili: kituo gani kinachukua alama za vidole za paspoti wakati huu, na kama ubalozi wa inchi anayotaka ulio Kampala, Kigali ao Bujumbura unapokea dosiye ya Mukongomani asiyekaa pale. Zingine zinakataa.

Feza: onyesha na mahali inatoka

Kila inchi inataka hakikisho kwamba mwanafunzi ataweza kuishi. Ufaransa inahesabu euro 615 kwa mwezi. Ujerumani inaomba euro 11,904 za mwaka, zifungwe kwenye konti maalumu, mwanafunzi atoshe 992 tu kila mwezi. Canada iliomba dola zake 10,000 hadi mwisho wa 2023, ikapandisha 20,635, na tangu Septemba 2025 ni 22,895, mbali na feza ya masomo na tiketi. Québec ina kiasi chake na karatasi yake inayoitwa CAQ. Ubelgiji inakubali mulezi anayekaa kule aweke sahihi kwenye Annexe 32, akionyesha mushahara wake.

Konti iliyokuwa tupu miezi sita, kisha ikajaa juma moja mbele ya ombi, inaleta mashaka. Kama feza ilitoka kwenye ng'ombe, kuwe karatasi ya kuuza: tarehe, bei, sahihi za pande mbili na shahidi.

Masomo yafuatane

Ofisa atauliza: kwa nini masomo haya, kwa nini pale, na nyuma yake utafanya nini? Aliyemaliza pedagojia akiomba uinjinia bila maelezo, jibu linajulikana. Barua ya sababu iandikwe na mwanafunzi mwenyewe. Barua ya kununua inafanana na zingine mia moja, na kwenye mazungumuzo mwanafunzi anashindwa kueleza maneno "yake".

Karatasi ya uongo ni hatari kuliko kukosa karatasi. Canada ikigundua udanganyifu, inamufungia mutu mulango miaka 5.

Njia ya karibu

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kanuni za soko la pamoja za Jumuiya zinasema mwanafunzi wa inchi memba apewe pasi ya mwanafunzi bila malipo, akiwa na barua ya chuo na karatasi ya kusafiria. Wakongomani wengi wanasoma Kampala. Shida ya pale ni Kiingereza, na diploma yetu kulinganishwa na vyeti vya Uganda mbele ya kuandikishwa.

Feza itoke kwa mupangilio huu

1. Cheti cha kuzaliwa, na kusahihisha majina.
2. Diploma ao atestasyon yake, na buletini.
3. Paspoti.
4. Maombi kwa vyuo viwili ao vitatu.
5. Barua ya chuo ikifika: hakikisho ya feza, kisha malipo ya viza, kwenye konti rasmi na kwa risiti.
6. Viza ikiwa ndani ya paspoti: tiketi.

Ng'ombe wa tiketi abaki malishoni hadi namba ya sita. Na ombi likikataliwa, barua ya kukataa ihifadhiwe: inasema sababu, na ombi la pili linaanzia pale.