MAWESE YETU NA MOTERE ZA MATAIFA

Wengi wetu tunafikiri kwamba kuendesha motokari kwa mafuta ya mimea ni jambo la jana. Sivyo. Jambo hilo lilianza wakati wa wababu zetu, na nchi yetu ya Kongo imeingia ndani yake mapema. Yafaa tulijue. Siku hizi mataifa yanapatana tena juu ya mafuta ya mimea na makala, na mapatano hayo hayaishi katika miji mikubwa: yanafika mpaka mashambani. Siku mgeni atakapofika kijijini na karatasi ya Kifaransa, wazee watamwita nani awasomee? Mara nyingi watamwita mkatekista, au padri.

Tuanze Paris. Mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya mataifa, kompanyi Otto ilionyesha motere ndogo ya namna ya Diesel ikienda kwa mafuta ya karanga. Motere ile ilitengenezwa kwa mafuta ya ardhini. Ikapewa ya karanga pasipo kubadilishwa kitu, ikaenda vizuri hata watu wachache tu wakatambua. Rudolf Diesel mwenyewe alisimulia habari hiyo mwaka 1912. Nani aliyeomba jaribio lile? Ni serikali ya Ufaransa. Ilifikiri juu ya makoloni yake ya Afrika, ambako karanga zinaota kwa wingi, ili motere za huko zipate nguvu pasipo kungoja mafuta ya ngambo. Wazo lenyewe halikuwa baya. Lakini lilikuwa wazo la mwenye koloni, si la mwenye shamba.

Sasa twende Kongo. Tarehe 14 Aprili 1911 Ubelgiji ilipatana na Mwingereza William Lever, mtengenezaji wa sabuni. Lever alipewa haki ya kujichagulia mpaka hektari 750.000 za misitu ya ngazi, ndani ya duara tano. Hivi zikazaliwa Huileries du Congo Belge, na makao yake makubwa Leverville karibu na mto Kwilu, mahali panapoitwa leo Lusanga. Mapatano yalikuwa na maneno mazuri juu ya mashule na hospitali. Lakini yalikuwa na pande mbili tu, Leta na kompanyi. Koo zilizokata ngazi zile tangu kale hazikuwa upande wowote, kwani kwa sheria ya Leta ardhi isiyo na nyumba wala shamba ilihesabiwa kuwa haina mwenyewe.

Matunda yake yakaonekana. Watu walilazimishwa kukata ngazi, wengine wakapelekwa mbali na kwao. Shida kubwa ya biashara ilipoingia duniani baada ya mwaka 1929, bei ya ngazi ilianguka, lakini kodi ilidaiwa vile vile. Mwaka 1931 Wapende wa Kwilu wakaasi. Askari wakatumwa, na watu zaidi ya 500 wakauawa.

Miaka sita baadaye, huko Ubelgiji, mawese yalianza kazi mpya. Tarehe 31 Agosti 1937 mwalimu G. Chavanne, wa Universite ya Bruxelles, alipewa hati ya serikali, namba 422.877, ya kulinda uvumbuzi wake. Shida ilikuwa hii: mawese ni mazito, yanaganda penye baridi, tena yanaacha uchafu ndani ya motere. Chavanne aliyageuza kwa alkoholi. Gliserini ikajitenga, yakabaki mafuta mepesi yanayofanana na mazutu. Wakati wa kiangazi cha mwaka 1938 basi ya abiria ilienda kwa mafuta hayo katika njia ya Bruxelles na Louvain. Namna hiyo ndiyo inayoitwa leo biodizeli. Mwaka 1942, katika shida za vita, gazeti Bulletin agricole du Congo Belge lilieleza kazi hiyo ya mawese kwa urefu. Vita ilipokwisha, mafuta ya ardhini yakawa rahisi, na mambo hayo yakasahauliwa.

Mtu atasema: Pasipo kompanyi na wenye elimu wa Ulaya, mawese yangebaki ya kupikia tu. Hatukatai. Elimu ya Chavanne ilikuwa ya kweli, na viwanda vilikuwa viwanda. Lakini tutenge mambo mawili. Kugundua kwamba mafuta yanaendesha motere ni kazi ya elimu. Kuamua nani atakata ngazi, katika ardhi ya nani, na kwa mshahara gani, ni kazi ya haki. Uzuri wa kazi ya kwanza haufuti makosa ya kazi ya pili.

Mataifa yamejifunza neno? Kidogo. Shida ya petroli ya mwaka 1973 iliwaamsha wengi. Brezili ilianza mwaka 1975 kazi kubwa ya kutoa alkoholi katika miwa. Mwaka 2005 wakubwa wa nchi nane, walipokutana Gleneagles katika Uskoti, waliamua kuanzisha ushirika wa dunia juu ya nguvu zinazotoka katika mimea. Ukaanza mwaka 2006, ofisi yake ikawekwa Roma, kwenye FAO. Mwaka 2011 ushirika huo ulitoa alama 24 za kupimia kazi: 8 juu ya mazingira, 8 juu ya watu, 8 juu ya mali. Zile za watu zinauliza: Ardhi ni ya nani, na imegawanywa namna gani? Bei ya chakula imepanda? Wanawake na watoto wanapoteza saa ngapi kutafuta kuni pasipo malipo? Kama maswali hayo yangeulizwa mwaka 1911, mapatano ya Lever yangeandikwa namna nyingine. Lakini tusidanganyike: kufuata alama hizo ni hiari, hakuna anayelazimishwa.

Kwetu tuna mfano mmoja wa kutia moyo. Huko Mampu, katika uwanda wa Bateke, upande wa mashariki wa Kinshasa, hektari karibu 8.000 za akasia zilipandwa kati ya mwaka 1987 na 1993 kwa feza za Ulaya. Kisha shamba likagawiwa jamaa karibu 300, kila jamaa hektari 25. Wanakata miti, wanachoma makala, wanapanda mahindi na mihogo mahali palipokatwa. Mbegu za akasia zinaota tena baada ya moto. Makala yake ni sehemu ndogo tu ya yale yanayochomwa Kinshasa. Lakini hapa feza zilitoka ngambo, na shamba likabaki mikononi mwa mlimaji.

Basi, mkatekista atakaposoma ile karatasi mbele ya wazee, asome polepole mpaka mwisho, kisha aulize mambo matatu. Kwanza: Katika pande zinazopatana, ukoo umeandikwa wapi? Pili: Bei ikianguka, nani atabeba hasara? Tatu: Watoto watakula nini mwaka huo shamba likipandwa mafuta? Kama karatasi haijibu, wazee wasitie mkono siku ile. Wapende hawakupata nafasi ya kuuliza. Sisi tunayo.