Feni ya Elfu Tatu

Asubuhi hiyo mathe alifika nyumbani saa moja kasoro, akavua viatu mlangoni kama kawaida, halafu badala ya kuuliza kama kuna chai akaweka kitu mezani. Kipande cha plastiki, ukubwa wa ukucha, kimekatika upande mmoja kama jino bovu.

"Hii ndiyo imekula elfu tatu yangu."

Nilikuwa fomu tatu. Mathe alikuwa anafanya kazi ya usiku, kusafisha maofisi tao: kutoka Makongeni na miguu, anashika Jogoo Road, anapita Muthurwa, anaingia mjini watu wa ofisi wakishuka na lifti. Kazi yake kubwa ilikuwa zulia. Sakafu tatu za zulia, kutoka ukuta hadi ukuta, na mashine moja ya kuvuta vumbi, ile ya kusimama wima, ambayo wao waliiita huva hata kama kwa ubavu imeandikwa jina lingine. Usiku huo ilimeza klipu ya karatasi. Ikalia kra-kra-kra, ikaanza kutetemeka, ikakosa nguvu. Supavaiza akaifungua, akaona feni imemeguka, akaandika neno moja kwenye daftari lake: uzembe. Mwisho wa mwezi elfu tatu zikakatwa.

Mathe hakubishana. Ungebishana na nani, na ulitumwa na kampuni ambayo hata ofisi yake huijui vizuri? Lakini kile kipande alikiweka kwenye kikombe kilichovunjika mkono, juu ya kabati, na kikakaa hapo miaka. Mimi ndiye sikukisahau. Swali langu lilikuwa la kitoto: kama mashine imetengenezwa kula uchafu, na klipu ya karatasi ndiyo uchafu wa ofisi, mbona ife kwa kula chakula chake?

Jibu linaanza mbali na Jogoo Road, kwa mtu ambaye mathe angemtambua haraka. James Murray Spangler alikuwa mfagiaji wa duka kubwa mjini Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Umri umeenda, uvumbuzi wake wa awali haukumletea utajiri, na ana pumu. Kila usiku anasukuma kifagio cha magurudumu juu ya zulia, vumbi linaruka, anakohoa. Karibu mwaka wa 1907 akachukua mota ya feni ya umeme, akaifunga kwenye sanduku pamoja na brashi inayozunguka, akaweka mpini wa ufagio, na nyuma akafunga foronya ya mto. Brashi inatikisa zulia, feni inavuta, foronya inashika vumbi. Hataza yake ilitoka Juni 1908. Mashine nyingi za wima zilizokuja baadaye, pamoja na ile ya mathe, ni wajukuu wa lile sanduku.

Lakini Spangler hakuwa wa kwanza kuvuta vumbi kwa mashine. Mwaka wa 1901 kule London, injinia mmoja, Hubert Cecil Booth, mtu wa madaraja na yale magurudumu makubwa ya kubebea watu kwenye maonyesho, alitazama mashine iliyokuwa inapuliza vumbi litoke kwenye viti. Akauliza kwa nini isivute badala ya kupuliza. Inasimuliwa kwamba alijaribu kwa mdomo wake mwenyewe: leso juu ya kiti, akafyonza, akapaliwa, halafu akaona alama ya vumbi imebaki kwenye leso. Mashine aliyounda ilikuwa kubwa kama mkokoteni wa maji, nyekundu, ikivutwa na farasi, injini ya petroli ikinguruma barabarani huku mipira mirefu ikipitishwa dirishani. Mwaka wa 1902 ilisafisha mazulia ya Westminster Abbey kabla Mfalme Edward wa Saba kutawazwa. Matajiri waliita marafiki kwa chai waje watazame vumbi lao likipita kwenye mpira wa kuonyesha ndani. Uzungu, bana.

Mwaka huohuo wa 1901, mwezi wa Desemba, reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, pale tunapoita Kisumu. Nairobi ilikuwa na miaka miwili tu, kambi ya reli kwenye tope, na 1902 tauni ilipoingia wakuu waliteketeza soko la Wahindi kwa moto. Ndivyo usafi ulivyofika huku: London vumbi linafyonzwa kwa tafrija, Nairobi uchafu wa maskini unachomwa pamoja na duka. Baadaye reli ikawajengea wafanyakazi wake mitaa, mmojawapo Makongeni, na nyumba ilikuwa sehemu ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba imeisha. Babu yangu aliishi hapo kwa sababu alifagia mabehewa. Alitumia ufagio wa kawaida, na kwa hivyo hakuna feni ya kumkata mshahara.

Sasa turudi kwa klipu. Spangler hakuwa na pesa za kuendesha kiwanda. Mashine moja ilifika kwa jamaa yake, Susan Hoover, ambaye mumewe William alikuwa anatengeneza bidhaa za ngozi, vitu vya farasi na tandiko, na aliona magari yanakuja kumla biashara. Hoover akanunua hataza mwaka wa 1908. Modeli yake ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 18 hivi. Jaribu kusukuma hiyo usiku kucha.

Ukitazama ndani, njia ya hewa ni fupi sana. Brashi inainua takataka, takataka inaingia kwenye shimo, inapita KATIKATI ya feni, feni inaitupa kwenye mfuko. Rudia hapo: kila kitu kinachookotwa, vumbi, mchanga, sarafu, klipu, kinapigwa na mapanga ya feni kabla kifike mfukoni. Foronya ya Spangler ilikuwa nyuma ya feni, na mfuko ukabaki nyuma. Muundo huu una sifa zake, tusiudharau. Hewa haisafiri mbali kwa hivyo nguvu haipotei, mashine ni rahisi, na mtu mwenye bisibisi anaweza kuifungua. Ndiyo maana mashine za kazi za mtindo huu ziliendelea kuuzwa kwa mahoteli na maofisi miaka mingi baada ya nyumba za watu kupata za kisasa zaidi. Watengenezaji walijua kabisa kuwa feni itapigwa. Wengine waliweka ya chuma, baadaye wengine wakaweka ya plastiki ngumu sana isiyopasuka upesi. Na feni yenyewe iliuzwa kama spea. Kitu kinachouzwa kama spea ni kitu ambacho mwenye kiwanda anatarajia kife.

Muundo wa pili ni wa kupitisha uchafu kwenye mfuko KWANZA, halafu hewa iliyochujwa ndiyo inafika kwa feni. Hapo klipu inalala mfukoni na wenzake. Kampuni ya Ujerumani inayoitwa Sebo, iliyoanzishwa 1978, ilijijengea jina kwa mashine za wima za aina hii: brashi unaitoa kwa mkono bila bisibisi, taa inawaka mfuko ukijaa, na mashine inajizima yenyewe ikiziba badala ya kuungua. Kwa hivyo usiku ule mathe alipoandikwa uzembe, dawa ya ugonjwa ule ilikuwa sokoni tangu kabla sijazaliwa. Ilikuwa tu na bei ya juu, na aliyechagua bei hakuwa yeye.

Nilipomweleza haya, mathe alianza kunifundisha mengine ambayo sikuyaona kwenye michoro. Mkanda, kwa mfano. Kati ya mota na brashi kuna mkanda wa mpira. Ukilegea, mota inanguruma lakini brashi imelala, na zulia linabaki chafu huku ukidhani umelisafisha. Unatambua kwa harufu ya mpira kuungua, na wakati huo umeshachelewa. Mikanda ikiisha stoo, fundi wa mtaa alikuwa anawakatia ya blada, ile ya mpira wa ndani wa tairi, na ilidumu siku mbili tatu.

Halafu waya. Mashine ya kazi ina waya mrefu, kama mita 15, tena mara nyingi wa njano au rangi ya chungwa ili mtu asijikwae. Mimi niliona ukarimu. Mathe akacheka. Waya mrefu, alisema, ni ili usisimame. Wa nyumbani unakulazimisha uhame soketi, na ukihama unapumzika mgongo. Hata kichwa kipana, sentimita 30, 38 na zaidi, alikisoma hivyohivyo: kila sentimita ni hatua iliyopunguzwa, na hatua iliyopunguzwa si yako, inaongezewa sakafu nyingine. Huko Marekani kuna chama cha sekta ya usafi, ISSA, kinachotoa vitabu vya muda: mashine ya upana huu, eneo hili, dakika kadhaa. Nikamwonyesha. Akasema supavaiza wake hakuhitaji kitabu.

Kilichoniuma zaidi ni mfuko. Spangler alitengeneza mashine kwa sababu ya mapafu yake, na bado ile foronya ilivuja vumbi jembamba, kwa sababu kitambaa kinashika mchanga kinaachia moshi. Kichujio cha HEPA, kinachonasa asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa maikromita 0.3, kimetokana na kazi ya miaka ya 1940 ya kuwakinga watu wa mradi wa bomu la atomiki. Siku hizi kuna mashine za wima zenye nacho. Ya mathe ilikuwa na mfuko wa kitambaa uliofura kama tumbo, na kila alipouwasha, taa ya ofisi ilionyesha ukungu ukiruka juu ya mpini. Alifunga leso puani. Kikohozi alikileta nyumbani, kwenye chumba cha sakafu ya simiti ambacho hakijawahi kuona zulia, na ambacho alikipiga deki kwa maji na tambara akimaliza chai.

Jina Makongeni lenyewe ni mahali penye makonge. Konge ni kamba, ni brashi, ni zulia. Mmea uliletwa Tanga mwaka wa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, vitoto elfu moja kutoka Florida, vikafika hai 62 tu. Kwa hivyo mtaa wa watu wanaosafisha mazulia umebeba jina la mazulia. Mathe hakuona ajabu yoyote. Alisema konge linachoma.

Juzi nilimpelekea picha ya hataza ya Spangler kwenye simu. Akaivuta karibu na macho, akaangalia lile sanduku na mpini wake.

"Huyu alikuwa msafishaji?"

"Ndiyo. Wa duka."

"Na alilipwa?"

Nikamwambia Hoover aliendelea kumlipa sehemu yake kwa kila mashine iliyouzwa, na kwamba alifariki 1915.

"Sawa. Na feni, walirekebisha?"

"Wengine," nikasema.

Akanirudishia simu. Akasimama, akashusha kile kikombe kisicho na mkono kutoka juu ya kabati, akamimina vilivyomo mezani: vifungo, sindano, funguo za kufuli ambayo haipo tena, na kipande cha feni. Akakitenga na vingine kwa kidole.

"Hiki usikitupe," akasema, na kuanza kutafuta sindano aliyoitaka.