Tendinopathi: Ni Maradhi ya Kano, si Uvimbe wa Mshipa

Kano ni ule utepe mweupe, mgumu, unaoushikiza msuli kwenye mfupa; ndio ule ambao mnunuzi buchani huomba uondolewe kabla nyama haijapimwa. Tendinopathi ni istilahi ya madaktari kwa kano inayouma na kupoteza uimara wake, mara nyingi baada ya kazi iliyozidi uwezo wake. Katika kiwiko, ambacho wengine hukiita kisukusuku au kisugudi, maumivu hukaa zaidi upande wa nje, pale misuli inayoinua kiganja inapojishikiza. Mgonjwa huyasikia akikamua nguo, akisonga ugali au akimpa mtu mkono.

Mwaka 1882 daktari Mwingereza Henry Morris aliuandika ugonjwa huu kama mkono wa wacheza tenisi, na tenisi haijautoka tangu hapo. Hata hivyo wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi: ni maseremala, mafundi rangi na wapishi, hasa wenye umri wa kati ya miaka 35 na 55.

Zamani madaktari walisema tendinaitisi. Kiishio hicho huashiria uvimbe wenye joto na maumivu, ndiyo maana tafsiri ya haraka ikawa "uvimbe wa kano". Lakini mwaka 1979 madaktari wa Marekani, Nirschl na Pettrone, walieleza walichokikuta katika kano za viwiko walivyovipasua: nyuzi za kolajeni zilizovurugika na vijishipa vipya vya damu, huku dalili za uvimbe zikiwa haba. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa uvimbe kidogo unaweza kuwamo, ila hauelezi maumivu yanayodumu miezi. Kiishio -pathi, chenye asili ya Kigiriki, hutaja maradhi tu bila kudai chanzo.

Kwa Kiswahili, "mshipa" ndilo neno la mtaani, lakini hilo hubeba mishipa ya damu, ya fahamu na hata ngiri. "Uchakavu wa kano" una ukweli ndani yake, ila humtia mgonjwa hofu akaacha kabisa kuutumia mkono, na kano isiyofanya kazi huzidi kudhoofika. "Uvimbe" humpeleka kwenye sindano ya steroidi. Sindano hiyo hutuliza kwa wiki chache. Majaribio ya Australia yaliyochapishwa mwaka 2006 na 2013 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliochomwa walikuwa nyuma ya wasiochomwa dawa hiyo. "Maradhi ya kano" ni bora kuliko yote hayo, kwa kuwa hayaahidi tiba isiyofaa wala hayamkatishi mtu tamaa.

Tiba yenyewe ni kuizoesha kano mzigo. Mtu huketi, akalaza mkono mezani, kiganja kikitazama chini na kuning'inia ukingoni. Hushika chupa ya maji ya nusu lita, akaituliza bila kusogea kwa sekunde 30 hadi 45. Hilo likizoeleka, huiinua kwa msaada wa mkono wa pili, kisha huishusha polepole kwa mkono unaouma peke yake. Uzito huongezwa kidogo kidogo, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi.

Maumivu madogo, kama 3 kati ya 10, si ya kuogopwa, mradi yawe yametulia kufikia asubuhi inayofuata. Yasipotulia, mzigo hupunguzwa, haukatishwi. Anayerudi mazoezini huanza kunyanyua vitu kiganja kikitazama juu, maana hapo kano hiyo haibebeshwi sana. Kujivuta kwenye chuma huja mwisho. Lakini mkono ukifa ganzi, au kiwiko kikigoma kunyooka baada ya kuanguka, hayo si ya kutibiwa kwa chupa ya maji: aende hospitali.