Zawadi za Desemba na Jembe la Mwethya

Ikifika katikati ya Desemba, nauli za kutoka Nairobi kwenda miji ya Ukambani ya Wote, Kitui na Mwingi hupanda, na bado magari hujaa. Kwenye keria hufungwa magodoro, mafuta ya kupikia na unga; ndani wameketi walinzi, makarani na yaya ambao kwa siku chache watakuwa matajiri wa kijiji. Nyumbani wanasubiriwa kwa mbuzi na muthokoi, chakula cha mahindi yaliyokobolewa.

Ukarimu huo ni wa kweli, na haustahili kubezwa. Kaya nyingi huvuka Januari, mwezi wa karo, kwa fedha hizo. Lakini zawadi ya namna hii hushuka daima kutoka juu: mtoaji hutajwa jina, mpokeaji hushukuru, na mwaka unaofuata kila mmoja yupo palepale alipokuwa. Wanasiasa waliielewa hesabu hii zamani, ndiyo maana Krismasi yao ina pakiti za unga na wapiga picha.

Ukambani imewahi kuona kushuka huko kwa macho. Njaa ya 1961, iliyofuatwa na mafuriko, hukumbukwa kama Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, kwa kuwa chakula kilidondoshwa kutoka angani. Msaada huo uliokoa watu. Aliyeinama kuokota gunia, hata hivyo, hakuulizwa yeye ana nini cha kutoa.

Mwethya, desturi ya Wakamba ya kufanya kazi pamoja, huanzia kwenye swali hilo. Majirani hukusanyika na majembe katika shamba la mmoja, kisha zamu huhamia kwa mwingine; mjane na mwenye duka hupimwa kwa kazi ileile. Kwa utaratibu huohuo vijiji vya Kitui, pamoja na shirika la SASOL, vimejenga mamia ya mabwawa ya mchanga tangu miaka ya 1990. Ukuta wa mawe na saruji huziba mto wa msimu, mafuriko huleta mchanga nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga, jua lisiyafikie. Mfadhili hununua saruji. Wanakijiji huleta mawe, maji na nguvu zao. Ukuta ukishasimama, si rahisi kusema nani alimsaidia nani.

Hata hivyo, mwethya usipakwe rangi ya peponi. Miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliutumia kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko katika Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, na kati ya hiari na amri ya chifu palikuwa na mpaka mwembamba. Tena, wanaume wakiwa mjini, wanaobeba mawe kwa wingi ni wanawake. Usawa ulio baina ya kaya haujaingia bado ndani ya kaya.

Serikali nayo inaweza kutoa bila kumshusha mpokeaji. Mwaka 2016, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, Makueni ilianzisha mpango wa afya ambamo kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti; wazee wa miaka 65 na zaidi hawakulipa. Shilingi 500 haziwezi kugharimia upasuaji hata mmoja, na sehemu kubwa ilibebwa na bajeti ya kaunti. Ila zilimfanya mgonjwa afike dirishani kama mwanachama mwenye haki, asiye na haja ya kumpigia magoti diwani.

Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi Kitui na Makueni, hivyo wageni wa Krismasi huwakuta wenyeji wakipalilia. Anayerudi mwaka huu na aulize kikundi cha mwethya cha mama yake hukutana siku gani, amkabidhi mweka hazina mchango bila kutangazwa, kisha ashike jembe asubuhi nzima, hasa akiwa mwanamume.