Shule isiyo na paa: ilianzishwa na mkimbizi, wakati wa vita

Uvira, Kivu ya Kusini. Likizo kubwa imefika. Mvua imekatika, kipwa kimeingia, vumbi linapanda barabarani, na watoto wako nje tangu asubuhi hadi giza. Mama mmoja aliyehama kutoka milima ya Fizi, ambaye sasa analala na watoto wake watano katika chumba cha kuazimwa, alituuliza hivi: “Watoto hawa watakaa bure miezi miwili. Nasikia huko kwa wazungu kuna vituo vya kufundishia watoto porini na majini, kila majira na kazi yake. Je, sisi tuliokimbia vita, jambo kama hilo linatuhusu?”

Tulimwahidi kwamba tutamjibu. Watu wengi wanadhani mafunzo ya namna hiyo ni mchezo wa matajiri. Wanaona picha za vijana wenye viatu vizuri na mahema ya rangi, wanasema: hayo si yetu. Lakini ukiifuata historia hadi mwanzo wake, unakuta mambo mengine kabisa. Unakuta mtu aliyefukuzwa kwao, shule iliyohamishwa na vita, na mabaharia vijana waliokuwa wanakufa baharini.

Wazee wetu walitangulia

Kabla ya kufika Ulaya, tuanze nyumbani. Warega wana bwali, Wabembe wana butende, na kule kusini Wachokwe na Walunda wana mukanda. Kila kabila na desturi zake, lakini jambo moja linafanana: kijana alitolewa kijijini, akakaa porini na wenzake wa rika moja chini ya macho ya wakubwa, akarudi akiwa mtu mwingine. Kambi ya mukanda iliwekwa wakati wa kipwa, njia zikiwa kavu na chakula kikiwa kimevunwa. Huko porini vijana walijifunza kuvumilia, kutii, kuimba, kutegemeana, na kujua ni nani atawajibika kwa nani watakaporudi.

Kwa hiyo tusidanganyike kwamba kumfundisha mtoto nje ya kuta nne ni jambo la kigeni. Wazee waliokuwa wakiangalia mvua na mavuno kabla ya kufungua kambi walikuwa na programu ya majira, hata kama hawakuiandika kwenye karatasi.

Mtu aliyefukuzwa kwao

Sasa twende Ujerumani. Kurt Hahn alizaliwa Berlin mwaka 1886, katika familia ya Kiyahudi yenye uwezo. Alipokuwa kijana jua lilimpiga vibaya, na tangu hapo mwili wake haukuvumilia mwanga mkali. Maisha yake yote alitembea na kofia pana. Ni ajabu kwamba mtu aliyewatoa vijana wengi nje ndiye huyo ambaye jua lenyewe lilikuwa adui yake.

Mwaka 1920, vita ya kwanza ya dunia ikiwa imekwisha na nchi yake imeshindwa, Hahn alifungua shule ya Salem pamoja na mwana wa mfalme Max wa Baden. Alitaka vijana wasome vitabu, lakini pia wakimbie, wafanye kazi za mikono, na wazoee kuwasaidia wengine. Kisha siasa ikaharibika. Mwezi wa Agosti 1932, katika kijiji cha Potempa, wafuasi wa Hitler walimuua mfanyakazi mmoja nyumbani kwake, mbele ya mama yake. Hitler akasimama upande wa wauaji. Hahn aliwaandikia wanafunzi wa zamani wa Salem kwamba wachague: ama Salem, ama Hitler. Kati hakuna.

Mwaka 1933 Hitler alishika madaraka, na Hahn akatiwa gerezani. Marafiki zake wa Uingereza, akiwemo waziri mkuu Ramsay MacDonald, walimtetea, akaachiliwa. Mwezi wa Julai aliondoka nchini kwake. Alikuwa na umri wa miaka 47, shule yake imebaki nyuma, na ilimbidi kuanza upya ugenini. Wengi kati yenu mnaosoma habari hii mnalijua jambo hilo bila kuelezwa.

Mwaka 1934 alifungua shule nyingine, Gordonstoun, kaskazini mwa Uskoti, karibu na bahari. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wachache. Mmoja wao alikuwa Philip, ambaye baadaye alimuoa malkia Elizabeth wa Uingereza. Huyo naye alikuwa mtoto wa familia iliyofukuzwa. Walipotolewa Ugiriki mwaka 1922 alikuwa bado mchanga, na inasimuliwa kwamba walimlaza ndani ya sanduku la machungwa. Pale Gordonstoun wanafunzi walijifunza mashua, walipanda milima, na walishika zamu ya kuangalia pwani ili kutoa habari meli ikipata hatari. Hawakufanya hivyo kwa kucheza. Wavuvi wa pale walikuwa watu wa kweli, na bahari ile huua.

Shule nzima ikahama

Vita ya pili ilipopamba moto, mwaka 1940, jeshi lilichukua majengo ya Gordonstoun. Walimu na wanafunzi wakafunga vitu vyao, wakahamia Plas Dinam, katikati ya Wales, mbali sana na mahali walipozoea. Kwa maneno ya kwetu, shule ilikuwa imekimbia vita. Na ni wakati huo wa kuhama, si wakati wa raha, ndipo kituo cha kwanza cha Outward Bound kilipozaliwa.

Wakati ule nyambizi za Ujerumani zilikuwa zinazamisha meli za mizigo katika Atlantiki. Lawrence Holt, mmoja wa wakuu wa kampuni ya meli ya Blue Funnel, aliona jambo lililomsumbua. Meli ikizama, watu wakibaki siku nyingi kwenye mashua ya kuokolea, vijana wenye nguvu ndio waliokuwa wanakata tamaa mapema, na mabaharia wazee wakaendelea kuishi. Nguvu za mwili hazikutosha. Mzee alikuwa amekwisha kupita katika mambo mabaya, alijua kwamba hata usiku mrefu una mwisho wake. Kijana hakuwa na kumbukumbu hiyo.

Holt na Hahn wakaungana. Mwezi wa Oktoba 1941 walifungua kituo Aberdovey, katika pwani ya Wales. Jina la Outward Bound linatokana na lugha ya mabaharia: ni meli inayotoka bandarini kwenda bahari kuu.

Mwezi mmoja wa mafunzo

Kila kundi la vijana lilikaa Aberdovey karibu mwezi mmoja. Walikuwepo mabaharia wanafunzi, vijana wa polisi na wazimamoto, mafundi wanafunzi kutoka viwandani, na watoto wa shule kubwa kubwa waliokuwa karibu kuitwa jeshini. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mfanyakazi walivuta kasia moja.

Kazi zilijulikana tangu mwanzo. Kuendesha mashua ndogo. Mazoezi ya mwili, ambapo kila mmoja alishindana na kipimo chake mwenyewe, si kumdharau mwenzake. Kutafuta njia kwa ramani na dira. Mafunzo ya uokoaji. Safari ya baharini. Safari ya miguu juu ya milima. Na mwisho, kazi ya kuwasaidia wenyeji wa pale.

Hilo la mwisho ndilo Hahn alilolishikilia kuliko yote. Aliona vijana wa wakati wake wamepungukiwa na afya, na ubunifu, na ufundi wa mikono. Lakini upungufu aliouogopa zaidi ni ule wa huruma. Kwake, kijana aliyewahi kumtoa mtu majini hawezi tena kuona maisha ya mtu ni kitu cha bei rahisi.

Kila majira na kazi yake

Baada ya vita vituo viliongezeka. Eskdale, katika milima ya kaskazini mwa Uingereza, kilifunguliwa mwaka 1950. Wasichana walingoja zaidi: kituo chao cha kudumu, Rhowniar, kule kule Wales, kilifunguliwa mwaka 1963. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mafunzo yalifika Afrika ya Mashariki, Loitokitok nchini Kenya, chini ya mlima Kilimanjaro. Tusisahau kwamba zama zile Kenya ilikuwa chini ya ukoloni, na mwezi wa Oktoba 1952 serikali ya wakoloni ilitangaza hali ya hatari kwa ajili ya Mau Mau. Mafunzo mazuri yanaweza kukaa ndani ya utawala mbaya. Anayefundisha vijana lazima ajiulize anawaandaa wamtumikie nani.

Pale Loitokitok ndipo tunapoona vizuri kazi ya majira. Kilimanjaro una urefu wa mita 5895. Ni heri kuupanda Januari na Februari, au kuanzia Juni hadi Oktoba, kuliko mwezi wa Aprili mvua kubwa inapoteremka. Mwalimu wa nje hapangi ratiba peke yake. Mvua, upepo na baridi vinapanga pamoja naye. Katika nchi za baridi ni vivyo hivyo: majani yanapochipua watoto wanasoma ndege na vijito, wakati wa joto wanaingia majini na kulala kambini, majani yanapoanguka wanatembea kwa ramani, na theluji ikija wanafuata nyayo za wanyama na kujifunza kuwasha moto.

Na sisi hapa? Majira yetu nayo yana mafunzo. Tangu Juni hadi Agosti upepo wa kusini unalichafua ziwa Tanganyika. Mvuvi mzee anaweza kumwonyesha mtoto ni wakati gani mtumbwi hautoki, na kwa nini ndagala huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi. Septemba mvua ikirudi, ni wakati wa mbegu, wa kupanda miti kwenye miteremko, wa kuchimba mifereji. Na mwezi wa Aprili, mvua inapojaza mito, ni wakati wa kujua njia ya kukimbilia. Hapa Uvira hatujasahau Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika. Makumi ya watu walikufa, na maelfu ya familia zikabaki bila nyumba. Mtoto anayejua dalili za maji yanayokuja, anayejua kutupa kamba badala ya kuruka majini kumfuata mwenzake, ana elimu ambayo hakuna daftari linaweza kuishika.

Tuseme ukweli

Hatutaki kuwapa watu ndoto. Pori la Wales halikuwa na watu wenye silaha. Huku kwetu mama anayekwenda kutafuta kuni anaweza asirudi salama, na mtoto anayeokota chuma asichokijua anaweza kupoteza mkono au uhai. Kwa hiyo mafunzo ya nje kwetu yaanze karibu: uwanja wa kanisa, ufuko wa ziwa, shamba la jirani. Yafanyike mchana, kwa ruhusa ya wazazi na ya chefu wa mtaa. Somo la kwanza liwe hili: usiguse kitu cha vita, rudi kwa njia uliyojia, mwambie mkubwa.

Tena, mtoto aliyeona vita hahitaji kuongezewa mateso ili awe hodari. Wengi wamekwisha kutembea siku nyingi na mizigo kichwani. Hawa hatuwafundishi kuvumilia. Wao ndio wangetufundisha. Wanachokosa ni kuona kwamba nguvu ile waliyoitumia kukimbia inaweza pia kujenga kitu, na kwamba kuna mtu anayewategemea.

Jibu kwa mama

Basi mama, jibu letu ni hili. Ndiyo, jambo hilo linawahusu, na linawahusu ninyi kabla ya wengine. Mwanzilishi wake alikuwa mtu aliyefukuzwa nchini kwake. Lilianza shule ikiwa imehama, katikati ya vita, kwa sababu vijana walikuwa wanakufa. Mahema ya rangi yalikuja baadaye.

Ukiondoa mashua na dira, kilichobaki ni vitu vinne: mkubwa mmoja anayejua kitu na kuaminiwa, kundi dogo la watoto, majira yaliyopo, na kazi moja inayomsaidia mtu mwingine. Katika kila kambi na kila mtaa uliopokea wakimbizi, kuna mvuvi asiye na nyavu, fundi asiye na vyombo, mwalimu asiye na darasa, na bibi anayejua majani ya dawa. Wako wanakaa tu mlangoni, kama watoto wanavyokaa.

Hahn alirudi Ujerumani mwaka 1953, akafa huko mwezi wa Desemba 1974, karibu na Salem, shule ile aliyolazimishwa kuiacha. Miaka 20 alikaa ugenini, na ndani ya miaka hiyo alijenga mambo yaliyomfanya ajulikane duniani. Hakungoja vita iishe ndipo aanze.

Kipwa hiki kina wiki chache tu.