Mahali Mto Unapobadili Jina: Safari ya Ubundu mpaka Kisangani

Ndugu msomaji, wazee walituachia neno hili: tembea uone. Lakini katika inchi yetu kuna mahali ambapo msafiri haoni kwanza. Anasikia kwanza, kiisha anaona. Mahali hapo ni kule mto Lualaba unapoanguka mara saba kati ya Ubundu na Kisangani, na mbele yake unaitwa mto Kongo. Katika karatasi hizi nataka kusema habari ya safari ile, na juu ya mshangao unaompata kila mtu anayefika pale. Nataka pia kuuliza swali moja ambalo sisi tuliosoma tumelisahau: nani alishangaa wa kwanza, na mshangao wa nani umeandikwa?

1. Safari ya kwanza

Nilikuwa na miaka kama kumi hivi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati baba alinichukua kutoka Kindu kwenda Kisangani kumwona shangazi. Tulipanda masua pale bandarini Kindu. Kutoka Kindu mpaka Ubundu ni zaidi ya kilomita 300 za maji, na mto ule ni mpole, mpana, unapita katikati ya pori kama mzee asiyekuwa na haraka. Akina mama walipika sombe juu ya masua, watu walilala juu ya magunia ya mchele, na kila kijiji tulichokaribia mitumbwi ilikuja mbio na samaki na ndizi. Mimi nilifikiri mto ni vile siku zote.

Tulipokaribia Ubundu watu walianza kunyamaza. Nikasikia kitu kama mvua kubwa inayokuja mbali, lakini mbingu zilikuwa nyeupe. Nikamuuliza baba: “Mvua inakuja?” Akanijibu: “Hapana mvua. Ni mto njo unasema.” Masua zinasimama hapo. Chini ya Ubundu mawe yanaanza, na hakuna masua inayopita.

Kutoka hapo tulipanda gari la moshi, kilomita 125, mpaka upande wa kushoto wa Kisangani, kule Lubunga. Njiani baba alinigusa bega, akasema tunavuka mstari unaogawanya dunia. Ni kweli: Ubundu iko kidogo kusini ya ikweta, na Kisangani iko kidogo kaskazini yake. Nilichungulia dirishani nikitafuta mstari, nikaona miti tu. Watu wazima walicheka. Lakini mpaka leo sijasahau kwamba nilitoka nusu moja ya dunia na kuingia nusu nyingine nikiwa na mkate wa muhogo mkononi.

Siku ya pili shangazi alitupeleka kwa Wagenia. Hapo mto unaanguka mara ya mwisho. Maji si marefu kama wengi wanavyofikiri. Maporomoko yote saba, katika urefu wa kilomita 100 hivi, yanashuka kama mita 60 tu. Kinachotisha ni wingi wa maji. Wenye kupima mito wanayahesabu kati ya maporomoko yenye maji mengi kuliko yote duniani. Na katikati ya maji yale niliona miti mikubwa imesimama, imefungwa kwa kamba za pori, na watu wakitembea juu yake kama vile mtu anatembea katika kiwanja chake. Nilimshika baba mkono. Hofu na furaha vilikuja pamoja. Nafikiri hicho ndicho kinachoitwa mshangao.

2. Wale walioandika

Nilipokuwa mkubwa nikawa mwalimu wa historia. Kwa miaka mingi nilifundisha watoto namna vitabu vilivyonifundisha: kwamba Livingstone alifika Nyangwe mwaka wa 1871, akatamani kufuata Lualaba akifikiri ni Nili, akakosa mitumbwi, kwamba Cameron alifika hapo mwaka wa 1874, naye akakosa, kwamba Stanley alifaulu. Stanley aliondoka Nyangwe mwezi wa novemba 1876 pamoja na Tippu Tip, ambaye alimsindikiza mpaka mwisho wa mwaka ule, kiisha akarudi. Katika januari 1877 Stanley na watu wake wakapita maporomoko yote saba. Chombo chake, Lady Alice, kilikuwa kimetengenezwa kwa vipande ili kibebwe. Walikata njia porini, wakavuta mitumbwi juu ya nchi kavu, mara nyingi huku wakipigana na wenyeji. Kwa hiyo maporomoko yaliitwa kwa jina lake, na mji uliozaliwa pale, kutoka kituo cha mwaka wa 1883, ukaitwa Stanleyville mpaka mwaka wa 1966.

Wengine wakafuata. Mwaka wa 1890 Joseph Conrad alifika chini ya maporomoko kwa masua iliyoitwa Roi des Belges, na miaka tisa baadaye akatoa hadithi iliyojulikana dunia nzima. Mwaka wa 1951 wacheza filamu walikuja na John Huston karibu na Ubundu, iliyoitwa Ponthierville wakati ule, kutengeneza The African Queen. Kila mmoja alishangaa, kila mmoja alichukua mshangao wake akaenda nao kwao.

Hata habari za Tippu Tip tunazo, kwa sababu yeye mwenyewe aliandika maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufa Unguja mwaka wa 1905. Sisi wa Maniema tunazungumza lugha iliyokuja na misafara ile. Lakini tusidanganyane: misafara ileile ilileta minyororo na moto. Soko la Nyangwe liliona mauaji tarehe 15 julai 1871, Livingstone akiwa pale pale, na wengi wa waliokufa walikuwa wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao.

3. Wale wasioandikwa

Siku moja, baada ya vita, nilirudi kwa Wagenia pamoja na wanafunzi wangu. Nilisimama juu ya mawe nikaanza somo langu: “Hapa Stanley aligundua…” Mzee mmoja mvuvi alikuwa karibu anasuka kamba. Hakukasirika. Aliniacha nimalize, kiisha akasema: “Mwalimu, uko mutu wa kusoma. Basi uniambie: siku ile Muzungu alifika, hii miti ilikuwa hapa ao haikuwa?” Nikasema ilikuwa. “Na mugono ilikuwa ndani ya maji?” Nikasema ndiyo. “Basi ni nani aligundua mwenzake?”

Wanafunzi walicheka, na mimi niliona haya. Kwa sababu jibu liko katika kitabu cha Stanley mwenyewe. Aliona pale miti na migono ya samaki, na wenyeji aliwaita Wenya. Wao wenyewe wanajiita Enya. Wagenia ni jina walilopewa na wenye kusema Kiswahili. Yaani mtu anayesemwa aligundua mahali pale alikuta kazi iliyokamilika, yenye elimu yake na wenyewe.

Ndugu msomaji, angalia elimu ile. Wakati maji yanapungua, wavuvi wanachagua matundu yaliyo katika mwamba, wanasimamisha humo magogo mazito, wanayaegemeza moja kwa jingine na kuyafunga kwa kamba za pori. Juu ya magogo hayo wanafunga migono mikubwa, mdomo mpana, mkia mwembamba, inayoangalia mahali maji yanatoka. Hakuna chambo. Nguvu ya maji inamsukuma samaki ndani, na nguvu ileile inamzuia kutoka. Yaani kitu kinachomwogopesha mgeni ndicho kinachofanya kazi badala ya mvuvi. Maji yanapopanda tena, magogo mengine yanachukuliwa, na watu wanajenga upya. Mahali pa kutega pana wenyewe, na mtoto anajifunza mahali pa familia yake kama mkulima anavyojua mipaka ya shamba.

Elimu hiyo haisomwi katika vitabu. Mtoto anafundishwa miguu kwanza: gogo gani linashika, jiwe gani linateleza, maji ya rangi gani yanadanganya. Ni sababu hiyo mshangao wa Mwenya si sawa na wetu. Sisi tunashangaa kiisha tunaondoka. Yeye alishangaa, akakaa, akafanya urafiki na kitu kilichomshangaza.

4. Bei ya reli

Kuna jambo lingine. Siku ile ya utoto wangu, wakati wote tulikuwa tunafurahia gari la moshi, kulikuwa na mzee mmoja ndani ya behewa ambaye hakuangalia nje. Baba alimuuliza kama ni mgonjwa. Akajibu: “Baba yangu alibeba hizi vyuma.” Hakuongeza neno.

Wakati ule sikuelewa. Reli ya kutoka Stanleyville mpaka Ponthierville ilijengwa kati ya mwaka wa 1903 na 1906, wakati wa Léopold II, ili kupita pembeni ya maporomoko. Kiisha kampuni ileile ya reli ikaendelea juu zaidi, kutoka Kindu mpaka Kongolo, kupita mahali penye mawe ambapo wazungu walipaita Mlango wa Jehanamu. Na mwaka wa 1915 njia ya Kabalo ikafika ziwa Tanganyika. Kazi kubwa, hakuna anayekataa. Lakini wengi kati ya waliokata pori na kubeba vyuma hawakuchagua kazi ile, na majina yao hayakuandikwa juu ya kituo chochote. Majina yaliyoandikwa yalikuwa ya maofisa na wakubwa: Ponthierville, Stanleyville, Albertville.

Reli ileile iliona machozi mengine. Katika april 1997 maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walikuwa wamejaa kando yake, kule Kasese na Biaro, kusini ya Kisangani, wenye njaa na magonjwa, na wengi waliuawa ao walipotea porini. Mwezi wa juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, na raia mamia wakafa katika vita isiyokuwa yao. Miaka ile treni haikutembea. Watu walisukuma baiskeli zenye mizigo katika njia za pori, siku baada ya siku, ili chumvi ifike Ubundu na mchele ufike Kisangani. Wasafiri wale pia walivuka ikweta. Hakuna aliyewagusa bega kuwaonyesha mstari.

Ninasema haya si kwa kuharibu uzuri wa mahali pale. Ninasema kwa sababu mshangao usiokuwa na kumbukumbu ni wa mgeni tu. Mgeni anaona maji. Mwenye inchi anapaswa kuona maji na watu waliopita ndani yake.

5. Tufanye nini?

Shirika letu la utamaduni linasema kila mwaka kwamba desturi zinakufa. Tunalia juu ya ngoma na juu ya vinyago. Lakini safari pia ni desturi. Zamani mtoto hakufika mahali pakubwa peke yake. Alifika na mkubwa aliyemwambia: hapa nyamaza, hapa salimia wenye mahali, hapa kumbuka fulani. Leo kijana anashuka kwa ndege ao kwa pikipiki, anasimama mbele ya miti ya Wagenia, anapiga picha moja, anarudi. Hajasikia kitu.

Basi ninatoa mashauri matatu. La kwanza, walimu wa Kisangani, wa Ubundu na wa Kindu wapeleke wanafunzi kwenye maporomoko, na siku ile mwalimu awe mwanafunzi, mvuvi awe mwalimu. La pili, tuandike kutoka kinywa cha wazee majina ya kila poromoko, ya kila mahali pa kutega, na ya familia zenye mahali hapo, kabla wenye kuyajua hawajaondoka. La tatu, kila mtu ambaye babu yake alifanya kazi ya reli ao ya masua aandike jina la babu huyo katika daftari, hata kama ni jina moja tu na kijiji chake. Daftari la majina ni jambo dogo, lakini ni kubwa kuliko kituo kisichokuwa na jina.

Mimi mwenyewe nilianza. Nilirudi kwa yule mzee mvuvi na karatasi na kalamu. Aliniuliza nataka kuandika nini. Nikamwambia: “Andikisha wewe, mimi nitaandika tu.” Alinyamaza kidogo, maji yakisema nyuma yake kama siku ile ya utoto wangu. Kiisha akaanza na jina la babu yake, na mahali alipokuwa anasimamisha miti.