Kaloleni si Mandhari Tu

Katika semina yetu mwenzangu alidai kuwa mitaa ya makabwela katika riwaya za Nairobi ni mandhari tu, na migomo ni fujo za kunogesha msuko. Nilikataa, na bado nakataa.

Hebu tutazame Kaloleni. Nyumba zake za mawe zilijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na mateka wa vita wa Kiitalia walitumiwa kuzijenga. Katikati ukawekwa ukumbi, nao watu wakaugeuza bunge lao. Humo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alitoa hoja ya kudai uhuru kamili. Zilikuwa zimepita siku 24 tu tangu Nairobi itawazwe kuwa jiji, kwa sherehe ambazo vyama vya wafanyakazi vilizisusia. Tarehe 15 Mei yeye na Fred Kubai wakakamatwa. Kesho yake mgomo ukaanza, ukadumu siku tisa. Singh hakuachiliwa hadi 1961.

Ati fujo? Kule Muthurwa mfanyakazi wa reli alilala katika chumba cha mwajiri wake. Akigoma, anahatarisha mshahara na paa kwa mpigo mmoja. Mhakiki asiyelijua hilo atamwita mhusika mwoga, kumbe anahesabu watoto wake.

Mwenzangu ameahidi kunijibu. Sawa, lakini kwanza tupande matatu, twende akauone ule ukumbi.